Sahihi na Mwenye Sahihi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu hutajwa katika masomo ya biashara, na wanafunzi huikariri bila kuitafakari sana. Mnamo mwaka wa 2024 kijana mmoja wa Nairobi, mwanafunzi wa taaluma ya tarakilishi, aliijua maana yake kwa namna ambayo waliotunga methali hiyo hawangeweza kuiota. Mali yake ilikuwapo, tena salama. Daftari nalo lilikuwapo, limeandikwa vizuri mstari kwa mstari. Kilichokosekana kilikuwa ufunguo mdogo, faili isiyozidi ukubwa wa barua ya ukurasa mmoja, ambayo hata hakujua kwamba aliwahi kuwa nayo.

Mambo yalianza kwa dada yake. Dada huyo alikuwa akifanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu msamiati wa wavuvi katika Kivumba, lahaja ya Kiswahili inayozungumzwa Vanga na katika kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Alitaka kukusanya majina ya nyavu na ya sehemu za chombo, majina ya pepo na ya maji, na zaidi ya yote alitaka kuyasikia yakitamkwa na wazee ambao bado waliyatumia. Kukaa huko mwaka mzima hakungewezekana, kwa kuwa alikuwa na kazi ya kufundisha. Basi akamwomba mdogo wake amtengenezee programu ya simu: ionyeshe picha au swali, mzee aseme, simu irekodi, na mtandao ukipatikana rekodi isafiri yenyewe hadi Nairobi. Vijana wanne wa huko, wawili wa Vanga na wawili wa Wasini, walikubali kuiweka programu hiyo katika simu zao kuukuu na kuzunguka nayo kwa wazee.

Kaka mtu akaifanya kazi hiyo kwa majuma matatu mwishoni mwa 2023. Programu haikupelekwa katika duka lolote la programu. Aliwatumia wale vijana kwa WhatsApp, wakaisakinisha, na kazi ikaanza. Maneno yalimiminika. Dada akawa anafungua kipakatalishi chake usiku na kusikiliza sauti za watu walio mbali naye kwa safari ya usiku kucha wakimweleza tofauti kati ya bamvua na maji mafu. Mzee mmoja wa Vanga aliwapita wote. Yeye hakujibu maswali kwa neno moja. Ukimuuliza jina la upepo alikupa upepo wenyewe, safari aliyosafiri nao, nahodha aliyekuwa usukani na kosa alilolifanya nahodha huyo. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa na simu, naye alimwacha babu aseme hadi achoke.

Hapo ndipo kasoro ya kwanza ilipojitokeza. Programu ilikuwa imeandikwa iibebe rekodi nzima katika kumbukumbu ya simu kabla ya kuituma. Neno moja lilipita bila shida. Hadithi ya dakika arubaini, katika simu yenye kumbukumbu finyu, iliifanya programu izimike. Maneno mafupi yakawa yanafika Nairobi na hadithi ndefu zikawa zinabaki Vanga. Hakuna aliyeligundua jambo hili mara moja, kwa sababu kilichofika kilikuwa kingi na chema, na mtu hahesabu kile asichojua kwamba kilitumwa. Mwishoni mwa Machi 2024, katika mwezi wa Ramadhani, yule mzee akafariki. Mjukuu alipotuma salamu za msiba aliongeza kwamba hadithi za babu angalau zimehifadhiwa. Dada akazitafuta, asizione.

Kuisahihisha kasoro ile hakukumchukua kaka zaidi ya siku mbili. Badala ya kuibeba rekodi nzima, programu sasa ingeimega vipande vipande na kutuma kimoja baada ya kingine. Aliunda toleo jipya, akalijaribu, akawatumia vijana wanne. Jibu la kwanza lilitoka Wasini: simu inasema programu haikusakinishwa. Haikusema kwa nini.

Mtaalamu akikosa sababu hubuni. Kwanza kaka alidhani ametoa toleo jipya nambari iliyo sawa na ya toleo la zamani, kwani simu hukataa kurudi nyuma. Akaipandisha nambari, simu ikakataa. Halafu akadhani nafasi imejaa. Kijana wa Wasini akafuta picha na video zake za miaka miwili, simu ikakataa. Hatimaye kaka akatoa ushauri ambao kila mtu hutoa pindi programu inapogoma: ondoa ile ya zamani, kisha usakinishe mpya. Kijana akatii. Toleo jipya likaingia bila pingamizi, likafunguka, likaonyesha orodha tupu. Rekodi 31 zilizokuwa zikisubiri kutumwa hazikuwapo tena, kwa kuwa mfumo wa simu, unapoiondoa programu, huondoa pia kila kitu kilichohifadhiwa katika chumba chake cha ndani.

Kaka akawapigia simu watatu waliosalia akawakataza wasiguse chochote. Inasemekana sauti yake ilitetemeka kiasi kwamba mmoja wao aliuliza kama kuna maradhi nyumbani.

Ili kuelewa kilichokuwa kimetukia, ni lazima lielezwe jambo moja kuhusu programu za simu za mfumo wa Android. Hakuna programu inayokubaliwa kuingia katika simu hizo bila kutiwa sahihi. Sahihi yenyewe haiandikwi kwa mkono, ni hesabu. Msingi wake uliwekwa hadharani mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipoeleza kwamba mtu anaweza kuwa na funguo mbili zilizooana, mmoja wa siri na mwingine wa hadhara, na kwamba anayeujua wa hadhara hawezi kuukisia ule wa siri. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wakapata njia ya kulifanya wazo hilo litende kazi, na herufi za kwanza za majina yao, RSA, zingali zinatumika hadi leo. Mwenye programu huifupisha kazi yake yote kuwa muhtasari mmoja wa tarakimu, ambao hubadilika kabisa hata herufi moja tu ikibadilishwa. Muhtasari huo huutia sahihi kwa ufunguo wa siri. Simu, ikiwa na ufunguo wa hadhara, huweza kuthibitisha kwamba sahihi hiyo ilitoka kwa mwenye ufunguo wa siri, na kwamba njiani hakuna aliyeongeza wala kupunguza kitu.

Ufunguo wa hadhara husafiri ndani ya cheti. Mtu akisikia neno cheti hufikiria serikali, chuo au mkuu wa shule mwenye muhuri. Katika programu za Android si hivyo. Mwenye programu hujiandikia cheti mwenyewe na kukitia sahihi mwenyewe. Simu haimuulizi yeye ni nani. Inachouliza siku ya toleo la pili ni hiki: je, wewe ndiye yule aliyekuja siku ya kwanza? Ikiwa sahihi zinalingana, humfungulia mlango na kumwachia vyote vilivyomo chumbani. Zisipolingana, humfungia, hata kama jina la programu, picha yake na kila neno lililomo ni vilevile. Sheria hii ni kali, lakini ina busara. Pasipo hiyo, mwizi yeyote angeweza kuunda programu yenye jina la benki ya mtu, akaiita toleo jipya, na kuirithi siri yote ya toleo la zamani.

Kaka aliyajua haya, kwa kuwa yalikuwa katika mtihani. Kwa hiyo alipoazima simu ya aina ileile, akaiweka toleo la kwanza, akaiunganisha na kipakatalishi kwa waya na kuiamuru isakinishe la pili, hakustaajabu kuona maelezo marefu zaidi kuliko yale yanayoonyeshwa mwenye simu: sahihi hazilingani. Alichostaajabia ni alipovifungua vyeti vyote viwili na kuvisoma. Mwenye cheti cha kwanza: Android Debug. Mwenye cheti cha pili: Android Debug. Shirika ni lilelile, nchi ni ileile, Marekani. Kutwa nzima aliamini kwamba simu ndiyo yenye makosa.

Jawabu lilikuwa mistari michache chini, mahali ambapo macho hayapendi kufika, katika alama ya kidole ya kila cheti: tarakimu na herufi 64 ambazo ni muhtasari wa cheti kizima. Alama hizo mbili zilitofautiana tangu herufi ya kwanza. Majina yalikuwa yamefanana kwa sababu rahisi. Zana za kuundia programu, zinapotumika mara ya kwanza katika tarakilishi yoyote duniani, hujitengenezea ufunguo wa majaribio bila kumuuliza mtu, huuweka katika faili iitwayo debug.keystore, na huuandikia jina lilelile na nenosiri lilelile linalojulikana na wote. Jina ni la kila mtu. Ufunguo ni wa tarakilishi moja tu. Watu elfu wanaweza kuitwa Juma, na mama wa kila mmoja akamtambua wake.

Ndipo akakumbuka. Mnamo Januari 2024 kipakatalishi chake kiliibwa katika matatu. Wakati ule aliomboleza bei yake, kisha akashukuru kwamba kazi yake yote alikuwa ameiweka nakala mtandaoni. Na kweli, msimbo wote ulikuwapo, hakuna hata mstari uliopotea. Lakini ufunguo hauwekwi pamoja na msimbo, na ni vyema usiwekwe, kwani auonaye anaweza kujifanya mwenyewe. Ulikuwa umekaa katika folda iliyofichika ya tarakilishi iliyoibwa. Kipakatalishi kipya kilipoombwa kuunda programu kilitazama, hakikuona ufunguo, kikatengeneza mwingine kimyakimya. Msomaji atambue kwamba hakuna mahali popote ambapo kosa lilipiga kelele. Kila chombo kilifanya kazi yake ipasavyo, na matokeo yake yalikuwa mlango usiofunguka.

Juma zima lilifuata la kupekua. Alipata diski mweko iliyokuwa na kasha la funguo la siku za nyuma; alipojaribu kulifungua aliambiwa kwamba kasha limechezewa au nenosiri si sahihi. Maneno hayo huwatesa wengi, kwa kuwa humpa mtu tuhuma mbili bila kumwambia ipi ni ya kweli. Kwa kawaida ni ya pili. Baada ya kujaribu kila nenosiri alilowahi kulitumia tangu kidato cha tatu, kasha lilifunguka. Ndani mlikuwa na ufunguo wa zoezi la darasani. Alama yake ya kidole haikufanana na yoyote kati ya zile mbili.

Waliobobea watasema kwamba yote haya yangeweza kuepukwa, na watakuwa wamesema kweli. Ufunguo wa majaribio ni wa majaribio. Programu inayopelekwa kwa watu hutiwa sahihi kwa ufunguo rasmi, uliotengenezwa kwa makusudi, wenye muda wa miaka 25 au zaidi kama Google inavyoshauri, na nakala zake huwekwa mahali pasipoweza kuungua au kuibwa pamoja. Zamani hata zana zenyewe zilimkumbusha mtu, kwa kuwa cheti cha majaribio kilidumu siku 365 tu kisha kikakataa kazi. Siku hizi hudumu miaka 30, na ukumbusho huo umeondoka. Tangu 2017 duka la Google linaweza kumhifadhia mwenye programu ufunguo wake wa kutilia sahihi, na mtu akipoteza ule wa kupakilia hupewa nafasi ya kuusajili mwingine. Lakini programu ya wavuvi haikupita dukani. Ilipita kwa WhatsApp, kutoka kwa ndugu hadi kwa vijana, na kwa ndugu nani huomba stakabadhi?

Usiku mmoja dada alimkuta ameketi gizani.

"Basi dada, nimezipoteza," alimwambia. "Siwezi kuingia bila kuvunja, na nikivunja zinapotea."

Dada hakuwa mtaalamu wa tarakilishi. Alimuuliza swali la mtu asiyejua, nalo ndilo swali lililohitajika.

"Huo ufunguo wa majaribio, umeitwa hivyo kwa nini? Unamruhusu nani ajaribu nini?"

Kaka alinyamaza kwa muda. Kisha akacheka, naye hakuwa amecheka kwa siku kumi.

Programu inapoundwa kwa majaribio, hutiwa alama ndani inayosema kwamba anayeitengeneza aruhusiwe kuichungulia. Simu ikiunganishwa kwa waya na tarakilishi, na mwenye simu akiridhia, mtengenezaji anaweza kusimama ndani ya chumba cha programu hiyo kana kwamba ndiye programu yenyewe, na kunakili faili moja baada ya nyingine. Programu rasmi haina ruhusa hiyo. Chumba chake hakifunguki kwa njia kama hii. Kwa maneno mengine, ulegevu uleule uliofunga mlango ndio ulioacha dirisha wazi. Jambo hili lilimfurahisha na kumtia aibu kwa pamoja, maana dirisha lililokuwa wazi kwake lilikuwa wazi pia kwa mtu yeyote mwenye waya, maarifa na simu hiyo mkononi. Kwa miezi kadhaa sauti za wazee zilikuwa zimelindwa na bahati tu.

Mwezi wa Juni 2024 ndugu hao wawili walipanda basi la usiku hadi Mombasa, wakavuka kivuko cha Likoni alfajiri, wakashika njia ya Lunga Lunga hadi Vanga. Mjukuu aliwapokea barazani. Wakampa mkono wa pole, wakasoma Fatiha, wakanywa kahawa. Mjane wa mzee alikuwa bado katika eda, kwa hiyo dada ndiye aliyeingia ndani kumwamkia, na kaka akabaki nje na mjukuu, waya na simu.

Akamwonyesha mjukuu namna ya kuifungulia simu njia ya watengenezaji: kuingia katika mipangilio, kuitafuta nambari ya mfumo na kuigonga mara saba. Walipochomeka waya, simu iliwaka ikauliza kama tarakilishi hii iaminiwe, na chini ya swali ikaandika alama ya kidole ya ufunguo wa tarakilishi hiyo. Kwa kawaida watu hukubali bila kusoma.

"Kaka, nibonyeze ndiyo?" mjukuu aliuliza.

"Ngoja kwanza. Linganisha na hii niliyoiandika hapa. Zikilingana herufi zote, ndipo ubonyeze."

Kijana alisoma kwa sauti, jozi kwa jozi, kama mtoto wa chuoni anayefuata harufi kwa kijiti. Zililingana. Akabonyeza. Muda mfupi baadaye rekodi 43 zilikuwa katika kipakatalishi, na kaka akazinakili katika diski mbili kabla hajaruhusu mtu yeyote apumue.

Mambo yangeishia hapo, na makala haya yangekuwa ya ufundi mtupu. Lakini dada aliomba kipakatalishi kipelekwe ndani ili mjane asikie. Pazia lilikuwa jepesi, na waliokuwa barazani walisikia kila neno. Sauti ya mzee ikatoka, ikieleza jinsi matlai huvuma asubuhi na jinsi mtu asiyeujua huutukana kisha akauhitaji. Ndani pakawa kimya. Baada ya kitambo bibi akasema neno moja.

"Ndiye."

Akaomba nyingine, na nyingine. Kila mara alisema ndiye, au alikohoa kidogo, na dada akaelewa. Walipofika ya ishirini na kitu, rekodi iliyoandikwa jina la mzee kama zote nyingine, bibi alinyosha mkono.

"Hebu simamisha, mwanangu. Huyu siye."

"Siye, bibi?"

"Huyu ni mdogo wake. Mwenye sauti yake hawezi kulitaja dau bila kucheka kwanza. Mumewe wangu hakucheka akitaja dau. Alizama nalo."

Mjukuu, kule barazani, akajishika kichwa. Alikumbuka siku ile: babu alikuwa na homa, babu mdogo akaketi mahali pake, na yeye hakulibadilisha jina katika simu. Zilikuwa rekodi mbili. Faili zake zilikuwa kamili, tarehe zake kweli, na simu iliyozihifadhi ni hiyohiyo. Sahihi zote duniani zingezipitisha.

Katika Kiswahili neno sahihi hubeba mizigo miwili. Ni alama aiwekayo mtu chini ya waraka, na ni sifa ya jambo lisilo na kosa. Wageni wanaojifunza lugha hii huona utatanishi. Wenyeji hawahisi kitu, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba kilichotiwa sahihi kimekwisha kuwa sahihi. Mashine haidhani hivyo. Inathibitisha ya kwanza tu: kwamba aliyefunga mzigo huu ni yuleyule aliyeufunga ule wa jana, na kwamba kamba haikufunguliwa. Kilichomo ndani ya mzigo hakiijui wala haikiulizi.

Watunzi wetu wa kale waliijua tofauti hii, kwa jinsi yao. Watungaji wengi wa tenzi walizoea kuliweka jina lao katika beti za kuishia, pengine pamoja na tarehe na idadi ya beti, ili mnakili anayedondosha ubeti au kuuchomeka wake aumbuke mbele ya hesabu. Hiyo ni sahihi, na ni muhtasari pia. Lakini mashairi mengi mafupi hayakupata kinga hiyo. Ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga katika karne ya 19, yalihifadhiwa vifuani mwa watu, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah akawa miongoni mwa walioyakusanya na kuyaeleza, naye akamsaidia W. E. Taylor kuyaandika. Diwani ilipochapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, mtunzi alikuwa amekufa karibu karne nzima. Kama kulikuwa na uthibitisho kwamba shairi fulani ni lake, uthibitisho huo ulikuwa sikio la aliyelisikia kwa aliyemjua. Dada mtu alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu udhaifu wa njia hiyo. Aliporudi Nairobi alizisoma tena, akazifuta baadhi.

Hilo halina maana kwamba sikio linatosha. Kijana wa Wasini aliyezipoteza rekodi 31 alikuwa na sikio zuri na nia njema. Alirudi kwa wazee wake na kuanza upya, naye amefaulu kuzirudia 19. Waliobaki, mmoja amehama na wengine wamechoka kuulizwa lililokwisha kujibiwa. Kaka hajawahi kusema kwamba kosa ni la kijana huyo.

Kabla hawajaondoka Vanga, programu ya zamani iliondolewa katika simu, safari hii kwa makusudi, na mpya ikaingia. Imetiwa sahihi kwa ufunguo rasmi utakaodumu hadi mwaka 2054. Nakala moja ya ufunguo huo iko kwa kaka. Nyingine iko kwa dada, katika bahasha iliyofungwa, na nenosiri lake halimo katika bahasha hiyo. Alama ya kidole ya cheti imeandikwa kwa kalamu katika daftari la utafiti, ukurasa wa kwanza, ili yeyote atakayelirithi daftari ajue kulinganisha. Walipita pia kwa kijana wa pili wa Vanga, kisha wakavuka hadi Wasini kwa mashua kumwona wa nne. Simu zote mbili zikafunguliwa kwa njia ileile, wala hakikupotea kitu.

Tena kuna badiliko moja ambalo hakuna sheria ya tarakilishi iliyolidai. Katika toleo jipya, kila rekodi ina nafasi mbili za majina: jina la msemaji, na jina la mtu anayemjua msemaji, aliyeisikiliza rekodi na kusema ndiye. Nafasi hiyo ya pili ikiwa tupu rekodi husafiri, lakini huandikwa kwamba haijashuhudiwa. Rekodi 41 za mzee wa Vanga zina jina la mjane wake. Mbili zilizosalia zimebadilishwa jina la msemaji, na siku hiyohiyo babu mdogo aliitwa kutoka ufukweni aje azisikilize. Alisikiliza hadi mahali pa dau, akacheka kabla sauti yake ya ndani ya mashine haijacheka, na mjukuu akamwandika.